Sisimizi wa Ludgera

Saa moja asubuhi Odilo Matimbwa alichovya kidole kwenye uji, akakiweka mdomoni, akasubiri. Bado wa moto. Akaupepea kwa mfuniko wa sufuria, akapima tena. Sasa ulikuwa sawa, uji ambao mdomo hauusikii, si moto si baridi. Hapo ndipo alipofungua vifungo vya koti lake la harusi, akafungua na kanga aliyojifunga tumboni, akatoa chupa ya chuma yenye ukubwa wa yai la bata. Ubavuni mwa chupa iliwaka taa moja ya samawati, ndogo kama jicho la panya.

Ndani walikuwamo sisimizi. Watu wa Ndologo waliwaita hivyo ingawa hawakuwa wadudu. Walikuwa mitambo, elfu mbili na ushee, kila mmoja kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, na kazi yao ilikuwa moja tu: kumezwa na mtu anayevuja damu tumboni, kulitafuta jeraha na kuliziba. Walikula utamu wa uji na kuishi kwa joto la mwili. Ukiwaacha kwenye baridi nusu siku, wamekwisha. Kwa hiyo Odilo alikuwa amewabeba tumboni miezi minane, kazini na nyumbani, akilala chali kama maiti ili asije akawalalia.

"Haya, kunyweni," aliwaambia, akidondoshea kijiko cha kwanza. "Leo mtasema. Leo hao mabwana watakaa kimya wawasikilize ninyi."

Saa nne kamili alikuwa na watu. Baraza la Mlima lilikuwa limemwita. Baraza lenyewe, kwa wasiojua, ni Wakubwa walewale wenye mgodi wa kinywe, yale madini meusi ya penseli na betri, wamebadili viti tu. Wao ndio waliochimba mlima, wao ndio waliojenga nyumba, wao ndio walioweka taa ya vumbi juu ya kila mlango, na taa hiyo tangu iwekwe haijawahi kuacha kuwaka kijani, hata zile siku ambazo kuku weupe hurudi bandani wakiwa weusi. Ukiwa na malalamiko juu yao, unawapelekea wao. Lakini kulikuwa na sheria moja ya nchi ambayo hawakuweza kuipindisha. Kumbukumbu ya sisimizi ikisomwa mbele ya watu, na ikaonyesha kifo kimeandikwa uongo, mgodi unasimama siku hiyohiyo mpaka wapimaji waje kutoka nje.

Na Odilo alikuwa nayo kumbukumbu, ndani ya sisimizi hawa waliotoka tumboni mwa marehemu mkewe. Fundi Gaudensia, mama mmoja mnene kutoka Ifakara mwenye mashine ya kusomea, alikuwa ameisoma mara moja kwa siri, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee Odilo, mkeo hakuwa na vidonda," alimwambia. "Sisimizi wakiona jeraha huonja nyama yake. Hii waliyoonja si nyama ya tumbo. Ni ya pafu. Saratani ilianzia kifuani, ikasafiri kwenye damu, ikaota tumboni, na huko ndiko ilikopasuka."

Odilo aliishia darasa la nne, lakini hilo alilielewa vizuri sana. Ludgera hakuwahi kukanyaga mgodini. Alikuwa dobi wa ovaroli za wachimbaji, miaka kumi na tisa akizikung'uta uani kabla ya kuziloweka. Na cheti cha kifo chake kilisemaje? Vidonda vya tumbo kutokana na ulaji wa pilipili. Pilipili! Mwanamke ambaye hata kachumbari alitengewa yake pembeni.

Alikuwa anadondosha kijiko cha tatu mlango ulipopigwa kwa ngumi.

"Hodi! Kaka Odilo, hodi jamani!"

Aliijua sauti. Akajifunga kanga, akafunga koti, akafungua bila haraka. Alikuwa Erhadi, dereva wa mtambo wa kuponda mawe, mume wa tabibu Hilaria. Hilaria ndiye aliyeweka dole gumba kwenye cheti kile.

"Ala! Leo umeuona mlango wangu?" Odilo alisema. "Miezi minane unazungukia nyuma ya choo kama mbuzi aliyekula mboga za watu."

"Utanisimanga baadaye, kaka. Hilaria anatapika."

"Si umpeleke zahanati? Si ndiyo kwake?"

"Yuko huko. Dokta Chuma anasema ni vidonda. Manesi wote wameamriwa waende ukumbini wakajaze viti. Niko peke yangu naye, na sijui hata nishike wapi."

"Vidonda." Odilo alilitafuna neno. "Amekula pilipili?"

Erhadi aliinamisha kichwa. Ilikuwa haki yake kuambiwa hivyo, na alijua. "Ametapika uji wa ulezi tu," alisema taratibu. "Ila mwingi mno. Na tena na tena."

Mkono wa Odilo, uliokuwa ukisukuma mlango ufungike, ukakoma.

"Uji wa ulezi?"

"Ndiyo. Rangi ileile, na chengachenga zake."

"Leo amekunywa uji?"

"Leo..." Erhadi alifikiri. "Leo hajaonja kitu."

"Na jana?"

"Jana wali. Usiku chai ya rangi."

"Sasa huo uji umetoka wapi, Erhadi?"

Odilo hakumngoja. Alikuwa ameshajibiwa swali hilo zamani, kwa gharama yake. Siku tatu nzima alifuta matapishi ya Ludgera kwa kitambaa, kahawia iliyoiva, yenye chengachenga, akayamwaga mgombani akisema uji umemkataa, kesho nitamsagia laini zaidi. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami, wakasema ni vidonge vya kuongeza damu, si kila mwanamke akivimeza inakuwa hivyo? Siku ya nne alitapika nyekundu. Huko hospitali ya Ifakara ndiko Odilo alikokuja kuambiwa, mwili ukiwa tayari umezikwa, kwamba damu ikikaa tumboni hupikwa na asidi, ikaganda, ikawa na sura ileile ya uji wa ulezi.

"Ovaroli zako anafua nani?" aliuliza.

"Yeye. Nani mwingine?"

"Anakohoa?"

"Tangu kiangazi."

Odilo alichukua sufuria ya uji, akaifunika. Hakujua kwa nini ameichukua. Au alijua, hakutaka kujiambia.

"Nakuja kuangalia tu," alisema. "Saa nne nina watu."

*

Dokta Chuma lilikuwa kabati la chuma lililosimama kichwani mwa kitanda, na kioo usoni, na sauti ya mwanamke mpole. Lilikuwa likirudia maneno yake kama kasuku wa misheni.

"Pole sana. Mgonjwa ana vidonda vya tumbo. Huduma inaendelea. Ndege ya wagonjwa itafika saa saba mchana. Daraja la dharura: la tatu."

"Saa saba!" Erhadi alisema. "Liambie, kaka. Labda wewe litakusikia."

"Hilo halisikii mtu. Linasikia waliolinunua."

Hilaria alikuwa amelala ubavu, mwanamke wa miaka arobaini na mitano, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu ya kuni mbichi. Mrija mwembamba uliingia puani mwake mpaka tumboni. Kiunoni alifungwa mkanda wenye taa tatu: kijani, manjano, nyekundu. Iliwaka ya manjano. Ndani yake walikuwa wakifanya kazi sisimizi wa zahanati.

Odilo alikuwa amekaa kwenye kiti hikihiki, akitazama mkanda huuhuu. Fundi Gaudensia alimweleza baadaye kilichokuwa kikitokea. Sisimizi hujua kile walichofundishwa, na wa zahanati walifundishwa kidonda tu, na kidonda huzibwa kwa kuchomwa kingo zake. Saratani ukiichoma, inapasuka zaidi. Nao hawajui, wanarudi, wanachoma tena. Siku mbili walimchoma Ludgera hivyo. Ndipo wale waliokuwa tumboni mwake, kwa akili yao ya kujifunza, wakaacha kuchoma. Wakashikana miguu, wakajisuka kama jamvi juu ya jeraha, wakatulia. Damu ikakoma kabisa. Lakini wakati huo mwilini mwake ilikuwa imebaki kidogo, na damu ya akiba ya zahanati ilikuwa imekwisha, na Ludgera akamwambia, "Baba, nasikia baridi ya magotini," akafa.

Kwa hiyo katika dunia nzima walikuwapo sisimizi wa aina moja tu wanaojua kushika jeraha la namna ile, na walikuwa kwenye kanga, tumboni mwa Odilo.

Hilaria akainuka ghafla, akakohoa, akatapika. Safari hii hapakuwa na uji. Ilikuwa nyekundu, na mabonge. Taa ya mkanda ikaruka kwenda nyekundu.

"Huduma inaendelea," lilisema kabati.

"Kaka Odilo!" Erhadi alimshika mkono. "Wewe ulimuuguza mkeo. Unajua kitu. Nakuona usoni unajua kitu, unanyamaza."

"Najua." Odilo alitoa chupa, akaishika kwenye kiganja. Taa ya samawati ilimwangalia. "Hawa walitoka kwa Ludgera. Hawa wataiziba. Lakini wakiingia tumbo lingine wanaanza kulisoma upya, na wakisoma upya, walichosoma zamani kinafutika. Ufundi wa miguu unabaki. Ushahidi unaondoka. Unanielewa? Fundi yuko ukumbini na mashine yake, ananisubiri. Nikiwatoa hapa, kule nakwenda na chupa tupu."

Erhadi alimtazama mkewe, akaitazama chupa.

"Na mgodi?" aliuliza.

"Unaendelea."

"Na vumbi?"

"Linaendelea, Erhadi. Unauliza kama mtoto?"

Mwanamume yule mrefu, mwenye mikono ya kushika usukani wa tani sabini, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Sina la kukuambia," alisema. "Ningekuwa wewe, sijui. Kweli sijui."

Odilo alitamani Erhadi apige magoti, amlilie, amtukane. Angepata la kumjibu. Angemwambia, mkeo alilala akaamka miezi minane wangu akiwa chini ya udongo na jina la pilipili. Aliliandaa neno hilo muda mrefu. Sasa lilikuwa mdomoni, na halikuwa na mtu wa kutupiwa. Palikuwa na mwanamke anayekufa tu, naye alikuwa ameanza kukunja miguu.

"Magotini kuna baridi," Hilaria alinong'ona.

Odilo akafumba macho.

"Mtolee mkono," alimwambia Erhadi. "Huu, wenye dole gumba. Weka kwenye kioo. Hao wajinga wa ndani hawatoki bila alama yake."

Dole gumba la tabibu lilibandikwa kwenye kioo, lilelile. Kabati likaguna, mrija ukanyonya, sisimizi wa zahanati wakarudi kwenye tangi lao wakiwa wamelowa damu. Odilo akachomeka mdomo wa chupa kwenye mrija. Vidole vilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili vikakubali.

"Mama, utanisamehe," alisema, na hakuwa anasema na Hilaria.

Akainamisha chupa. Walitelemka wote kama ufuta mweusi kwenye mchirizi wa uji, na aliposema labda, labda kitu kitabaki, taa ya samawati ikapepesa mara mbili na kuzimika.

*

Sisimizi wageni, kabati liliwakataa. Lilisema halitawalisha kwa sababu hawamo kwenye orodha. Basi kazi ikawa ya mkono. Kwa saa tatu za mwanzo, wakiwa wanajisuka, lazima wapate uji kila robo saa, wa joto la mwili. Ukiwa wa moto unawaua. Ukiwa wa baridi wanalegeza miguu, jamvi linafumuka. Damu nayo ilitakiwa. Ya akiba, kabati lilieleza kwa upole, imehamishiwa ukumbini kwa ajili ya usalama wa waheshimiwa. Erhadi akavua shati, akalala kitanda cha pili, mashine ikamfunga mkono na kuanza kumchota damu, ikiisukuma kwa mkewe. Alipewa amri asisogee hata inchi.

Kwa hiyo aliyebaki wa kulisha alikuwa Odilo, na koti lake la harusi, na jiko la umeme la manesi.

Alilisha mara ya kwanza. Taa ilibaki nyekundu. Akalisha mara ya pili. Ikaenda manjano, ikarudi nyekundu, ikaenda manjano tena, ikakaa. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, akaendelea vivyo hivyo. Saa nne ilipofika ilikuwa imekuwa kijani, na ukutani kipaza sauti kikakoroma.

Kila jengo la Ndologo lilikuwa na kipaza sauti hicho, ili kila mtu asikie haki ikitendeka. Chini yake kulikuwa na kitufe cheusi, kwa shahidi mgonjwa au mlemavu asiyeweza kufika ukumbini. Jina la mlalamikaji huitwa mara tatu, na kati ya wito na wito ni robo saa. Asipofika, shauri linafungwa, na halifunguliwi tena.

"Matimbwa, Odilo!" iliita sauti ya karani. "Wito wa kwanza."

Odilo alibonyeza kitufe. "Nipo zahanati. Namhudumia mgonjwa."

Minong'ono ukumbini. Kisha sauti nzito ya mwenyekiti. "Mzee Matimbwa, mlalamikaji husimama mbele ya Baraza na ushahidi wake mkononi. Ushahidi wako uko wapi?"

"Uko..." Aliitazama chupa kavu mezani. "Umo tumboni mwa mtu."

Kicheko kilichotoka kwenye kile kipaza sauti kilijaza wodi nzima.

"Mzee Odilo!" Hiyo ilikuwa sauti ya fundi Gaudensia, akipiga kelele toka nyuma. "Usiniambie umewatoa! Usiniambie, baba yangu!"

Kipaza sauti kikakatwa. Odilo alirudi kwenye jiko. Kidole, mdomo, subiri. Akalisha.

Hilaria alikuwa amefumbua macho. Damu ya mumewe ilikuwa imemrudishia rangi kidogo midomoni. Aliutazama mkanda, akauona kijani, akamwona anayemlisha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi hiyo hakuhitaji kuelezwa.

"Umewatumia wao," alisema.

"Nyamaza. Usipoteze nguvu."

"Umewatumia wale wa Ludgera. Mzee Odilo, siku ile aliyokufa... unadhani chupa niliisahau mezani?"

Odilo aligeuka.

"Nilikupa mgongo makusudi," Hilaria alisema. "Nilihesabu mpaka hamsini. Nikasikia ukiichukua. Nilijua, mzee. Nilijua ni saratani kabla hajafa. Niliiona kwenye kioo, nyama ya pafu. Niliandika cheti cha kweli. Kikarudi toka kwa Wakubwa, na kingine kimeandikwa tayari, wakataka dole tu. Waliniambia nyumba. Waliniambia kazi ya Erhadi."

"Hilaria, acha," Erhadi alisema toka kitandani.

Miezi minane Odilo alijiona mwizi. Miezi minane alipishana na mwanamke huyu kwenye njia ya bombani, naye humsalimia, shikamoo mzee, na yeye humjibu marahaba. Marahaba! Hata kuitikia alimwitikia.

"Ulinipa shikamoo," alisema, sauti ikitoka kama ya mtu mwingine. "Asubuhi kwa asubuhi. Ulijua, na ukaniamkia!"

"Ndiyo."

"Mimi najilaumu kwa uji! Usiku silali. Najiambia, Odilo, ulimwaga damu ya mkeo mgombani siku tatu, ukiiita uji. Ungemleta siku ya kwanza..."

"Wewe ulidanganywa na uji," Hilaria alisema. "Mimi sikudanganywa na kitu."

Alisema hivyo wazi, wala hakutafuta kujitetea, na ndiyo maana iliuma. Odilo alisimama na kikombe mkononi. Uji uliokuwamo ulikuwa tayari umefika joto lake. Saa ya ukutani ilionyesha dakika kumi na tatu zimepita tangu alishe. Kumi na nne. Hakusogea.

"Matimbwa, Odilo! Wito wa pili."

Hakuitika. Aliuona mkanda ukififia, kijani ikiwa kama jani lililokaa juani. Hakuwa anafanya kitu chochote. Hilo ndilo lililomshangaza, namna ilivyokuwa rahisi. Hapakuhitajika kisu wala sumu. Kusimama tu. Hata Wakubwa, alifikiri, hawakumfanyia Ludgera kitu chochote. Walikaa tu kwenye viti vyao na kuacha muda upite.

Taa ikawa manjano.

"Kaka Odilo." Erhadi alijaribu kuinuka, mashine ikalia, akalazimika kulala tena. "Kaka, mkanda. Kaka, nakuomba. Angalia mkanda!"

Hilaria hakuomba. Alikuwa amegeuza uso upande wa dirisha, akingoja.

Uji ulikuwa umeanza kupoa. Odilo aliusikia kikombeni, kwenye vidole, joto likiondoka. Mkanda ukapepesa nyekundu mara moja, kisha manjano. Puani mwa Hilaria, kandokando ya mrija, kikatokeza kitone cha kahawia, chenye chenga.

Rangi ya uji wa ulezi.

"Potelea mbali!" Odilo alifoka, na hakujua anamfokea nani. Akaurudisha uji jikoni, akauzungusha, kidole, mdomo, moto, akaupepea kwa kiganja, kwa koti, kwa pumzi, kidole, mdomo, sawa. Akamimina. Uji mwingine ukamwagikia shuka. "Kunyweni, nyie. Shikeni. Shikaneni, washenzi wadogo. Mlimshika mwenzake, mshikeni na huyu."

Walichukua dakika nzima kuamua. Kisha manjano ikatulia, na polepole, kama mtu anayesitasita mlangoni, kijani ikarudi.

Erhadi alikuwa analia bila sauti, mkono mmoja umefungwa, hawezi hata kujifuta. Odilo akavuta kiti, akakaa, akavua koti la harusi. Lilikuwa na damu na uji, na saa ilikuwa saa nne na dakika ishirini na mbili.

"Usidhani nimekusamehe," alimwambia Hilaria.

"Sijadhani."

"Na hawaondoi saratani. Wanashika damu tu."

"Najua kazi yangu, mzee." Alivuta pumzi, akapumzika, akavuta nyingine. "Nina miezi michache. Mitano, ndege ikija. Ifakara wana dawa ya kuisinziza. Hebu sogea. Kitufe kiko mbali na mimi."

Odilo hakuelewa. Kisha akaelewa, akakigeukia kitufe.

"Shahidi mgonjwa," Hilaria alisema. "Si ndiyo kazi ya kitufe? Walio tumboni mwangu sasa wananisoma mimi. Mwili ni wangu, kumbukumbu ni yangu. Yule fundi aje asome. Ataona pafu ndani ya tumbo, kwa mwanamke ambaye naye hakuingia mgodini. Na cheti cha Ludgera nitawasomea kwa mdomo, kile cha kwanza. Nakikumbuka neno kwa neno."

"Hilaria!" Erhadi alisema.

"Baba Fokasi," alimwambia mumewe, "nyumba watachukua. Kazi watachukua. Tulishavilipia."

Odilo alitazama dirishani. Angani hapakuwa na kitu. Alikuwa ameitamani saa hii miezi minane, na sasa ilipokuja, yeye ndiye aliyeitilia ngumu.

"Tabibu, sikiliza," alisema. "Ndege haijafika. Ndege ni yao. Ukisema sasa hivi, wanaweza kuigeuza njiani. Ngoja saa saba. Ngoja uipande kwanza."

"Na shauri?"

Odilo aliangalia saa ya ukutani.

"Linafungwa," Hilaria alijibu mwenyewe. "Mara hii ni wewe unayetaka ninyamaze?"

Kipaza sauti kikakoroma.

"Matimbwa, Odilo! Wito wa tatu na wa mwisho!"

Ukumbini palikuwa kimya, kimya cha watu wanaosubiri kucheka. Odilo alimtazama Erhadi. Erhadi alimtazama mkewe, akafunga macho, akatikisa kichwa kukubali, mara moja tu.

Odilo akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe, akakishikilia.

"Nasikia kitufe cha zahanati," ilisema sauti ya mwenyekiti. "Nani anaongea?"

Hilaria alilamba midomo. "Aliyeandika cheti," alisema.

Hapakuwa na aliyecheka. Alianza kusoma kutoka kichwani, polepole, tarehe, jina, umri, kazi ya marehemu: dobi. Odilo, kidole gumba cha kushoto kikiwa kimekandamiza kitufe, alinyoosha mkono wa kulia mpaka kwenye sufuria, akachovya kidole kwenye uji, akakiweka mdomoni, akasubiri.

Bado wa moto. Akaanza kuupepea.